Chupa ya Yuglena Niliyoifungia Kabatini

Wiki ya pili baada ya kustaafu, nyinyi wawili mliobaki kwenye maabara mlinipigia simu kuniuliza amiba wanalishwa nini miezi ya baridi. Niliwajibu, kisha nikaona afadhali niandike. Simu huisha chaji, na mimi pia sitakuwepo siku zote. Nitafuata mpangilio wa miaka. Vyeo sitavitaja, vilikuwa viwili, na cha pili kilikuja na koti jeupe tu, tena kubwa kuliko mimi. Shule yangu iliishia kidato cha pili, kwa hivyo mahali nitakapokosea jina la kiumbe, nisahihisheni kwa penseli.

Siku ya kwanza nilifika chuoni saa moja asubuhi nikiwa nimevaa viatu vya kanisani. Nilikuwa nimeajiriwa kuosha vyombo vya kioo. Fundi wa maabara ya baiolojia alikuwa Mama Tabitha, mwanamke mfupi wa Cheptiret ambaye hakupenda salamu ndefu. Dirishani kulikuwa na safu ya chupa za jemu zenye maji ya rangi ya chai hafifu, na nyasi zilizooza ndani. Aliniuliza kile ni nini. Nikamwambia ni maji machafu, na kama anataka nitayamwaga. Alichota tone moja, akaliweka kwenye kioo, akageuza kijioo cha hadubini kuelekea dirishani, akanionyesha kiti.

“Usiguse kitu,” alisema. “Angalia tu mpaka nikwambie utoke.”

Mwanzoni niliona kope zangu mwenyewe. Halafu kitu kikasogea. Kilikuwa kama tone la uji lililomwagika mezani, kisha likaamua kwenda mahali. Lilinyoosha upande mmoja, mwili wote ukamiminika kuufuata, kisha likanyoosha upande mwingine. Mbele yake kulikuwa na kidudu cha mviringo kimetulia. Lile tone likatoa mikono miwili, likamzunguka polepole, mikono ikakutana nyuma yake, na yule wa mviringo akawa ndani. Nilimwona bado anatetemeka katika tumbo ambalo dakika moja kabla ya hapo halikuwepo.

Nilimuuliza Mama Tabitha mdomo uko wapi.

“Amiba hana mdomo. Akitaka kula anajifanya mdomo. Akimaliza anauvunja.”

Jioni nilimweleza mke wangu, Rael, kwamba nimelipwa kuketi asubuhi nzima nikitazama tone la maji. Alisema kama nimefutwa kazi siku ya kwanza, nimwambie tu ukweli, hatakasirika.

Sasa ufundi wenyewe. Chupa za viumbe haziguswi na sabuni, hata sabuni ya kipande. Mabaki kidogo tu yanaua wote, na utashinda wiki nzima ukijiuliza ugonjwa ni gani. Maji ya mfereji yana dawa. Tumieni ya mvua. Ngano ya kuwalishia ichemshwe kwanza ili isiote, na punje nne zinatosha chupa moja. Ukiweka saba, bakteria watajaa, maji yatanuka na viumbe watakosa hewa. Mimi niliweka saba kwa sababu niliwahurumia. Mama Tabitha alinusa ile chupa, akanisogezea ninuse, akaenda zake. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo.

Maji mazuri tuliyapata kwenye mabwawa ya ng’ombe huko Moiben, karibu na kwetu. Usichote katikati. Chota ukingoni, pale majani yanapoozea, ukiwa na subira kwa ng’ombe, maana wao ndio wenyeji.

Mwaka wa pili Mama Tabitha alinionyesha jinsi paramesiamu anavyokula. Yule ana umbo kama la soli ya kiatu, mwili wote umezungukwa na vinyweleo vinavyopiga maji kama makasia. Ubavuni ana mfereji, na chakula kinasukumwa humo mpaka kooni. Tulichemsha hamira, ile ya mandazi, pamoja na rangi nyekundu ya maabara ambayo ikikutana na asidi hugeuka buluu. Tukawapa. Niliona chembe nyekundu zikiingia kooni, zikafungwa kwenye kifuko kidogo, kifuko kikaondoka na kuanza kuzunguka mwilini. Njiani kikageuka buluu. Paramesiamu alikuwa anamwagia chakula chake asidi, kama tumbo langu lilivyokuwa likifanya saa ile ile kwa ugali wa mchana. Baadaye wekundu ulirudi, asidi ilipokwisha, na makapi yakatolewa mahali pake maalumu. Hayo yote ndani ya seli moja. Niliwaza mtu ana seli nyingi zisizohesabika na bado anapata kiungulia.

Sijawahi kuzoea. Niliwaona wale wa umbo la kengele waliosimama kwenye kikonyo, ukigonga meza wanajikunja wote mara moja kama springi. Niliwaona wale wenye mirija, ambao humkamata mpita njia na kumnyonya utumbo akiwa hai. Mtu mmoja wa mawasiliano ya chuo alikuja siku moja kupiga picha, akachungulia, akasema ni kama soko. Ni zaidi ya soko. Sokoni watu hawalani.

Mama Tabitha alistaafu, nikaachiwa funguo. Baada ya hapo alikuja Dokta Wekesa, mhadhiri mrefu mwenye haraka, lakini aliyekuwa tayari kujibu swali la mtu wa kuosha chupa kama swali la mkuu wa chuo. Katika maji ya Moiben alinitafutia kiumbe mdogo sana, mwenye mkia mmoja na kola ya vinyweleo kuuzunguka. Mkia unavuta maji, kola inachuja bakteria. Akasema hakuna kiumbe mwingine wa seli moja aliye jamaa wa karibu wa wanyama kuliko huyo. Sponji wa baharini wamejaa seli za namna hiyo hiyo ndani ya mwili. Nikamuuliza kama anataka kusema tumetoka kwake.

“Hapana, Mzee Kosgei. Hatukutoka kwake. Ni kwamba mimi, wewe na huyu, tukirudi nyuma sana, tunakutana kwa babu mmoja.”

Nilirudi kumtazama mara tatu siku hiyo. Alikuwa anakula.

Sasa nafika mahali ambapo hasa pamenifanya niandike.

Likizo moja wasafishaji walimwaga chupa zangu zote za yuglena, kwa sababu ile ile iliyotaka kunifanya nimwage siku ya kwanza. Siwezi kuwalaumu. Lakini kutoka hapo, kila chuo kilipofungwa, niliingiza chupa moja ya akiba kabatini, nikafunga na kuondoka na ufunguo, na kila baada ya siku mbili nilikuja kuitoa ipate jua.

Yuglena mnamjua. Umbo la sindano nene, mkia mmoja mbele unaomvuta, doa jekundu karibu na mkia, na mwili uliojaa vidonge vya kijani. Kwa vidonge hivyo anajipikia kwa mwanga, kama hindi shambani. Doa jekundu linamsaidia kujua mwanga uko upande gani. Ngozi yake ni ya mistari inayoteleza, kwa hivyo anaweza kujivimbisha na kujinyoosha akitembea, mwendo ambao ukiuona mara moja hutausahau.

Likizo nyingine, Rael alienda kumwona dada yake bondeni, Kerio. Alirudi na homa. Sisi watu wa baridi tunaita kila homa mafua, nami nikamwambia anywe chai ya tangawizi alale. Siku ya tatu hakunijua. Hospitalini walisema ni malaria na imeshapanda kichwani. Walifanya walichoweza. Alifariki siku ya tano, na tukamzika nyumbani Moiben. Nilikaa huko wiki tatu. Zaidi ya hapo sitaandika, si kwa sababu sina, ila kwa sababu hapa ni kazini.

Chupa ya yuglena ilikaa kabatini wiki hizo tatu. Zile zilizobaki dirishani zilikuwa zimemwagwa tena.

Nilirudi mchana, siku moja kabla ya mtihani wa maabara wa mwaka wa mwisho. Wanafunzi thelathini na mmoja, wote wa kwenda kuwa walimu wa sayansi. Nilifungua kabati, nikachota tone, nikaangalia. Walikuwa hai, wengi mno, wanaogelea vizuri. Na walikuwa weupe kama maji. Asubuhi ya mtihani stima haikuwepo, mawingu yalikuwa mazito, nikajiambia ni mwanga mbaya. Ninyi nawaambia ukweli: halikuwa jambo la mwanga. Niliona. Nilikuwa nimechoka na nilitaka kila mtu aniache niketi. Nikaweka vioo kwenye hadubini zote, moja baada ya nyingine, nikatoka nje. Dokta Wekesa hakuchungulia. Aliniamini.

Swali lilisema: mtambue kiumbe, mchore, utaje sehemu zake, useme rangi yake na anavyopata chakula.

Matokeo ya kwanza yalipobandikwa, Halima alikuja kwenye chumba changu cha maandalizi. Mnaweza kumkumbuka, baba yake ana malori ya kwenda Lodwar. Alikuwa msichana wa maneno machache, na alichora vizuri kuliko wahadhiri. Alifunga mlango, akabaki amesimama.

“Mzee, naomba kuuliza. Duka la miwani lililo zuri hapa Eldoret ni gani?”

Nikamuuliza macho yana nini.

“Sijui. Watu thelathini wameona kijani. Mimi peke yangu sikuona.”

Akanieleza. Alimtambua yuglena kwa doa jekundu na kwa ule mwendo. Lakini hakuona kidonge chochote cha kijani, kwa hivyo hakukichora. Chini yake aliandika kwamba huenda anafyonza chakula kutoka majini. Mwongozo wa kusahihisha ulidai kijani, vidonge vya kijani, na kujipikia kwa mwanga. Alinyimwa alama kote, na hizo ndizo zilizomwangusha. Wenzake wangeenda kwenye mazoezi ya kufundisha mwezi uliofuata. Yeye angerudi nyumbani kungojea mwaka mzima.

“Kungojea si neno,” alisema. “Naweza kungojea. Lakini nikiambiwa macho yangu yanadanganya, nitafundisha nini?”

Nilikaa. Nilikuwa nimeelewa kitu ambacho yeye hakuwa amekielewa. Watu thelathini hawakuona kijani. Hakukuwa na kijani cha kuona. Walikuwa wamekariri picha ya kitabuni, wakaangalia kwenye hadubini ili waonekane wameangalia, wakaandika ya kitabuni.

Nikamwambia macho yake ni mazima, na aniachie mpaka jioni.

Dokta Wekesa alikuwa ofisini akila njugu. Nilimweleza nikiwa nimesimama: kabati, ufunguo, wiki tatu, na kwamba niliona na nikanyamaza. Alisukuma njugu kando.

“Mzee, ulikuwa umefiwa. Hakuna mtu atakayekulaumu.”

“Kabati halikufungwa na msiba, Dokta. Nilifunga mimi. Na aliyenyamaza ni mimi.”

Kisha akasema jambo ambalo lilikuwa haki yake kusema: kwamba bodi ya mitihani haitabadilisha alama kwa maneno ya mtu mmoja, na kwamba nikisema hivyo mbele yao, nitawaweka wanafunzi thelathini kwenye matatizo na mimi mwenyewe pia. Aliuliza kama bado nina ile chupa. Nilikuwa nayo, bado imefungiwa kabatini.

Tuliigawa mara mbili. Nusu moja ilirudi kabatini, safari hii ufunguo akakaa nao yeye. Nusu nyingine tukaiweka dirishani, upande wa jua la asubuhi. Kabla ya hapo alitazama tone la kwanza kwa muda mrefu, na nilipoona shingo yake inavyozama mabegani nilijua ameona kile Halima alichoona.

Tulingoja siku nne. Kila asubuhi Dokta, Halima na mimi tulichungulia kwa zamu. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili Halima alisema anaona kama kivuli, kisha akajisahihisha, akasema hana hakika, asitiwe kwenye maandishi. Siku ya tatu hakukuwa na ubishi. Ndani ya kila mwili ule mweupe vilikuwa vimetokea vidoa vya kijani kichanga, kama shamba la ngano wiki ya kwanza baada ya mvua. Wale wa kabatini walibaki weupe, wananenepa kwa mchuzi wa ngano waliokuwa wakiufyonza kupitia ngozi.

“Kwa hivyo ni mnyama ama ni mmea?” Halima aliuliza bila kuinua jicho.

Dokta alicheka, akasema hilo ni swali letu, si la yuglena. Alitueleza kwamba babu wa yuglena alikuwa mwindaji asiye na kijani, aliyekuwa akimeza viumbe wengine. Siku moja ya zamani zisizosemeka alimmeza kiumbe wa kijani asimsage. Yule mmezwa akabaki ndani, akaendelea kupika kwa mwanga, akarithiwa na watoto na watoto wa watoto. Vidonge tulivyokuwa tukiviona vikirudi ndiye yeye. Kumbe wiki tatu gizani alikuwa amejikunja tu, akingoja.

Halima alipoondoka, nilimuuliza Dokta swali langu, lile nililokuwa nalo tangu Moiben. Nilitaka kujua malaria ni ya ukoo gani. Hakutaka kujibu. Nilimwambia nimezika, sivunjiki kwa kusikia.

Akasema ni jamaa wa paramesiamu. Wote wawili wana vifuko bapa chini ya ngozi, na kwa hivyo wamewekwa nyumba moja. Akasema pia ndani ya kidudu cha malaria kuna kidonge kidogo kilichofifia, ambacho zamani kilikuwa cha kijani. Ukoo wake uliwahi kuishi kwa mwanga kabla ya kuingia kwenye damu ya watu. Sikujua nifanye nini na habari hiyo. Miaka mingi nilikuwa nimewalisha paramesiamu kwa mkono wangu, na Rael aliuawa na binamu yao. Nilirudi kwenye chupa zangu nikazitazama. Sikuweza kuwachukia. Niliona tu kwamba ukoo ni mkubwa, na kwamba sisi pia tumo.

Siku ya nne bodi ilikaa. Nilisimama mbele ya watu saba nikasema yale yale niliyomwambia Dokta, pamoja na sehemu ya kuona na kunyamaza. Mmoja alitaka iandikwe kwamba nilikuwa kwenye huzuni. Niliomba isiandikwe. Chupa mbili, ya kijani na nyeupe, zilipitishwa mezani pamoja na hadubini, na wengine wao nadhani walikuwa hawajachungulia tangu wakiwa wanafunzi, maana kikao kilichelewa. Uamuzi ulikuwa kwamba wale thelathini warudie swali lile wakiwa na chupa zote mbili mbele yao, bila kuambiwa ipi ni ipi, na karatasi ya Halima isahihishwe upya. Mimi nilipewa barua ya onyo, ambayo iko kwenye faili langu na inastahili kuwa hapo.

Kwa wiki mbili sikuwa mtu wa kupendwa kwenye kantini. Kijana mmoja aliniambia nimewachoma, mzee mzima. Mwingine alinisalimu, “Habari ya weupe, Mzee?” na meza nzima ikacheka, nami kidogo. Walirudia swali. Nilisimama nyuma nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona miaka yote ya mitihani: watu thelathini wameinama kwenye hadubini, kalamu ziko mezani, hakuna anayeandika. Waliangalia muda mrefu. Mmoja alisema “ai” kwa sauti ndogo, akaendelea kuangalia.

Halima aliitwa na Dokta Wekesa kwenye chumba changu, sijui kwa nini si ofisini. Dokta alikuwa na karatasi yake ya kwanza, ile yenye wino mwekundu, akaifungua mezani kati ya chupa. Hapo ndipo nilipouona mchoro wake. Doa, mkia, mistari ya ngozi, hata ule uvimbe wa mwendo. Pale palipoulizwa rangi, alikuwa ameandika kwa Kiingereza safi maneno ambayo maana yake ni: Hana kijani. Sijui kwa nini.

Dokta alikata sufuri kwa mstari mmoja, akaandika alama kamili, akatia sahihi. Halafu, badala ya kufunga kalamu, akaongeza chini ya maneno ya Halima, kwa mwandiko wake wa haraka: Hata mimi sikujua. Akampa.

Halima alisoma, akaikunja karatasi vizuri, akaiweka mkobani. Kisha akauliza kama anaweza kuangalia tena kidogo kabla hajaenda, na sisi wawili tukasogeza viti kumpisha.